Thamani ya Mashine ya Gemu kwa Hesabu ya Meno

Mabibi na mabwana, wazazi, walezi, na nyote mnaokaribia kutoa fedha zenu kununua mashine ya gemu: baada ya uchunguzi wa kina uliochukua siku kumi na moja, natangaza rasmi kwamba swali la kama mashine hiyo ina thamani ya bei yake limepata jibu. Jibu ni meno mawili ya mbele, ubavu mmoja, kioo cha kaunta, na sikio la mwenye duka ambalo hadi naandika haya linashikiliwa na nyuzi sita.

Meno hayakuwa yangu. Ndiyo maana natangaza vizuri bila kupuliza hewa.

Kaka yangu mkubwa ni muuza nyama. Sokoni wanamwita Pigo Moja, kwa sababu hajawahi kuinua shoka mara mbili kwa mfupa mmoja. Paja la ng'ombe analilaza juu ya gogo, analitazama kidogo kama daktari anayesoma picha ya eksirei, kisha ta! Vipande viwili. Ukipitisha kidole pale alipokata utadhani ni kigae kilichopigwa msasa. Wazazi wetu walipofariki, Kaka alirithi bucha, mizani na mimi. Vile viwili vya kwanza vimemletea faida.

Kila likizo ananisimamisha kwenye gogo nijifunze kazi. Mimi nakata kama kuku anayedonoa mahindi.

"Moja," Kaka anahesabu, mikono kiunoni, wateja wakisikiliza. "Mbili. Tatu. Haya, malizia, nne! Mapigo manne, mfupa mmoja! Msomi, huyu ng'ombe mlikosana wapi?"

Wateja wanacheka mpaka wanasahau kulalamika kuhusu mafuta.

Likizo hii nilipofika nilikuta mashine ya gemu imenunuliwa. Mpya, kwenye boksi lake, kwa bei ya ng'ombe mzima na nusu. Kwetu kila kitu kinapimwa kwa ng'ombe. Ilitoka dukani kwa Waranti, muuza vyombo vya umeme, rafiki wa Kaka tangu darasa la kwanza. Jina hilo alilipata kwa kuwa hata ukinunua kwake betri ya saa ya ukutani atakwambia, "Ina waranti, ndugu yangu." Kaka aliliweka boksi juu ya kabati chumbani kwake, stika ya kiwandani ikiwa haijaguswa.

"Matokeo yakitoka ukafaulu, utalifungua mwenyewe," alisema. "Ukifeli, linarudi kwa Waranti."

Kila jioni alilinyanyua kwa mkono mmoja. Mkono wa muuza nyama ni mizani. "Ipo," alisema, akaenda kuoga.

Mtu mwenye busara angesubiri matokeo. Lakini mimi ndiye niliyefanya ule mtihani, kwa hiyo nilikuwa na habari za ndani.

Bwenini tunafungua barua za mwalimu wa nidhamu kwa mvuke wa birika na kuzifunga upya, hata posta hawajui. Stika ya kiwandani haikunisumbua. Mashine na pedi zake za kuchezea nilizipeleka upande wa pili wa mji kwa rafiki yangu kinyozi, mwenye televisheni kubwa chumba cha nyuma. Ndani ya boksi nikaweka mfupa wa paja, mkavu, kutoka kwenye rundo la mifupa ya kulishia mbwa. Niliupunguza kwa shoka hadi ukalingana gramu kwa gramu kwenye mizani ya Kaka mwenyewe, nikauviringisha gunia na nailoni usigongegonge. Kuhusu harufu msiwe na wasiwasi. Katika nyumba ya muuza nyama, harufu ya mfupa ni kama harufu ya soksi bwenini. Haipo.

Jioni ile Kaka akanyanyua boksi. "Ipo."

Nilijiona mwanasayansi.

Wahenga wanasema za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa kumi na moja. Asubuhi ya siku hiyo friza la bucha lilikohoa mara tatu likanyamaza, likiwa na ng'ombe wawili tumboni. Kufikia saa sita mchana bwana afya alikuwa ameshapita, amemwagia nyama yote mafuta ya taa, na kutoa amri: friza jipya kabla ya Jumamosi, la sivyo bucha linafungwa. Kaka aliingia jikoni na aproni yake na kisu kiunoni, akakaa kwenye kiti kama gunia lililomwagwa.

Shemeji, mke wake, hakupoteza muda. "Ng'ombe mzima na nusu amekaa juu ya kabati. Hatoi maziwa, hatoi nyama, hatoi hata mavi. Mrudishe."

"Ahadi ni ahadi, mama watoto."

"Na njaa ni njaa. Sanduku la kubonyeza vidole, lina thamani gani? Mfupa wa supu una faida kulishinda."

Hapo nilipaliwa na maji niliyokuwa nikinywa.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya klabu ya mdahalo, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, "gemu hukuza wepesi wa kufikiri, uratibu wa macho na mikono, na..."

"Wewe mikono yako tunaijua. Mapigo manne."

Kaka alicheka, mara ya kwanza siku ile. Kisha akasimama. "Boksi halijafunguliwa. Waranti atalirudisha, ni mtu wangu. Twende sasa hivi. Msomi, shika risiti."

Sasa hivi! Ningepewa saa moja tu, ningekimbia kwa kinyozi nikarudi. Nikapewa risiti.

Dukani kulikuwa na mama mmoja anayechagua pasi. Waranti alimkumbatia Kaka, akasikia habari za friza, akapiga ulimi kwa huruma. "Ndugu yangu, kwa hili hata usiombe. Nikague tu, nikupe friza, tumalizane." Akaisifu stika, haina hata mkunjo. Akaikata kwa kiwembe. Akaingiza mikono, akatoa furushi la gunia.



"Hiki nini?" Waranti akauliza.

"Nakuuliza wewe."

"Pigo, mimi nilikupa mashine."

"Stika ni yako. Boksi ni lako. Siku zote hizi naatamia takataka zako kama kuku aliyewekewa jiwe!"

"Unaniita mwizi dukani kwangu?"

"Kwani ungependa nikuitie wapi?"

Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, yenye maneno matano: Kaka, ni mimi niliyechukua mashine. Mimi niliyewahi kusimama dakika ishirini nikimtetea mbu mbele ya shule nzima, nilishindwa maneno matano.

Waranti akasema neno ambalo muuza nyama haambiwi. "Wewe unayekandamiza mizani kwa kidole cha gumba, leo ndiye wa kumwita mtu mwizi?"

Ngumi ilimkuta bado ameacha mdomo wazi. Nilidhani italia kama kwenye gemu, tishu! Ililia kama kiungo cha kuku kinapotenguliwa. Jino moja liliruka likatua juu ya kikokotoo, la pili sikuliona likienda. Waranti alirudi nyuma, akagonga rafu, redio nne zikamwangukia, na mojawapo ikaanza kusoma habari.

Yule mama aliweka pasi chini taratibu, kana kwamba analaza mtoto, akatoka mbio.

Waranti hakuwa mnyonge. Aliinuka na chuma cha kuning'inizia televisheni, akakizungusha kwa mikono miwili. Kilimpata Kaka ubavuni. Nilisikia ubavu ukikatika; ni mlio mdogo tu, kama kijiti cha kiberiti. Kaka alikunjika, akakohoa, kisha akaja vilevile amekunjika, kichwa mbele kama fahali, akambeba Waranti tumboni wakaanguka wote juu ya kaunta. Kioo kilipasuka chini yao. Simu, chaja na nyaya zikamwagika pamoja na damu. Kaka alimshika nywele akamkandamiza uso kwenye vigae vya kioo, mara moja, mara mbili. Alipomwinua, sikio lilikuwa limechanika kutoka juu, linaning'inia kama kipande ambacho mteja amekikataa.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Nilikupa!" Waranti aligugumia, damu ikitoka na kila neno. "Nilikupa, mwana haramu wewe!" Akamchoma Kaka kidole jichoni, akamuuma mkono, akang'ang'ania hadi Kaka akapiga kelele. Walibiringika sakafuni juu ya vioo, watu wawili waliogawana dawati utotoni, wakikwaruzana kama paka ndani ya gunia.

Maneno matano. Nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu.

Ndipo Kaka alipochomoa kisu.

Kisu hicho nakijua. Nakinoa mimi kila likizo, na ndicho kitu pekee cha bucha ninachokifanya vizuri. Waranti alipokiona aliacha kutukana. Alijikokota kwa makalio hadi ukutani, akapapasa sakafuni atafute chochote, mkono wake ukapata furushi la gunia. Akalikumbatia mbele ya kifua kwa mikono yote miwili.

"Pigo," alisema, safari hii kwa sauti ya mtoto. "Pigo, mimi na wewe..."

Kaka alishusha.

Kisu kilitoboa nailoni, kikatoboa gunia, kikazama kwenye mfupa kikanasa. Bila ule mfupa kingekuwa moyoni mwa Waranti. Kaka alivuta, hakikutoka. Akavuta tena kwa hasira, furushi lote likamfuata, gunia likachanika kutoka juu hadi chini, na mfupa ukabaki hewani kwenye ncha ya kisu, mweupe, umepakwa damu ya watu wawili.

Aliuweka chini ya kiatu, akakichomoa kisu. Akakiinua tena.

Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mfupa. Ni mazoea ya kazi. Fundi hawezi kupita penye kazi ya mtu bila kuitazama. Alikuwa akihema kama mashine mbovu, jicho moja limefumba, lakini alitazama. Akachuchumaa polepole, mkono mmoja ubavuni. Akapitisha kidole kwenye ncha ya mfupa pale ulipokatwa. Palikuwa na ngazi. Kidole kilishuka ngazi ya kwanza, kikasimama.

"Moja," alisema.

Waranti alimtazama kama anayemtazama kichaa.

"Mbili." Kidole kikateremka. "Tatu."

Niliangalia mlango. Ulikuwa hatua nne tu.

"Nne," akasema Kaka.

Kisu kikaanguka chenyewe. Alitazama mikono yake, akamtazama rafiki yake ukutani, akalitazama lile sikio. Kisha akageuza shingo kwangu, na mimi nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Msomi," alisema. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

Yale maneno matano yakatoka, na mengine nyuma yake, bila hoja ya kwanza wala ya pili. Nikataja mvuke wa birika, rundo la mifupa, mizani. Nikasema mashine iko kwa kinyozi, imefunguliwa, ina alama za vidole vya nusu ya vijana wa upande ule, na kwamba nyuma ya risiti niliyoikunjakunja mkononi imeandikwa bidhaa iliyotumika hairudishwi. Kwa hiyo hakuna friza. Nikasema tangu furushi lilipotoka nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema. La mtihani nalo nikalisema, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza.

Waranti alitema damu pembeni. Redio chini ya rafu ilikuwa imefika kwenye hali ya hewa.

Kaka alikaa sakafuni kati ya vioo, mfupa mapajani.

"Ilikuwa nzuri?" akaniuliza.

Nilitaka kumdanganya, angalau apate kitu kwa ng'ombe wake mzima na nusu.

"Siku tatu za kwanza, Kaka," nikasema. "Baada ya hapo nilikuwa nikienda tu kwa sababu nilishaiiba."