Sufuria Moja

Daktari alimwinamia mke wangu, kurunzi ndogo mkononi, akichungulia ndani ya jicho lake kama fundi anayetafuta pancha. Sihaba alikuwa amefuata miwani tu. Macho yalimfanyia ukungu, kichwa kikamgonga, na yeye ndiye mpishi mkuu wa shughuli zote za mtaa wetu wa Igogo.

"Miwani haitasaidia," daktari alisema. "Mama, humu jichoni ndimo ninamoiona mishipa ya damu bila kukupasua. Yako imekuwa myembamba na migumu. Inapopishana, mmoja unaubana mwingine. Ikikakamaa hapa, ujue na ya mwilini inakakamaa."

Akampima presha, akanitazama mimi. Chumvi aiache, la sivyo atapooza, au tutamzika.

Mimi ni fundi baiskeli. Mpira uliokakamaa kwa jua, ukiutia pampu, najua unavyopasuka. Niliogopa sana.

"Chumvi naacha," Sihaba alisema njiani. "Ila sipiki sufuria mbili, Baba Moza. Na nakujua, utapitia mgahawani kwa Shaibu."

"Pika moja," nikamjibu.

Mwanzoni sato wa ndimu bila chumvi alikuwa mtihani. Kila jioni Sihaba alininusa shati, akitafuta harufu ya mgahawa. Hakuniamini. Sikubishana naye, nilikaa nikala.

Wajukuu wakiuliza Uhuru ulikuwaje, wenzangu husimulia bendera. Mimi husimulia pilau.

Siku ya Uhuru ilipofika, mtaa mzima ulimkabidhi Sihaba sufuria ya pilau ya sherehe. Mpishi mkuu huonja mwenyewe, ndiyo heshima yake. Lakini alikuwa ameapa kuacha chumvi, na mbele ya wanawake wote akanipa mimi mwiko.

"Onja wewe. Nisiaibike."

Ulimi wangu ulishtuka kwa chumvi. "Imekolea," nikasema. "Usiongeze hata chembe."

Masinia yalipotoka, watu walitafuna wakitazamana. Kisha jirani yetu Paskazia akapaza sauti:

"Sihaba, mwenzetu! Wakoloni wameondoka na chumvi?"

Uwanja ukaangua kicheko. Vibakuli vya chumvi vikaanza kupita mkono kwa mkono, nami nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya mji mzima.

Sihaba alichota tonge moja, akalitafuna taratibu. Akanikazia macho yale yale ya ukungu.

"Kumbe kwa Shaibu hukwenda."

"Hata siku moja."

Alinisogezea sinia, akaketi kando yangu.

"Kula, basi," akasema.