Tanuri la Bwana Laurian

Bwana Laurian, afisa wetu wa mazingira, alikaa Ulaya siku kumi na nne akarudi na koti zito, ambalo alilivaa sokoni Bugarama saa saba mchana. Alipelekwa kuona wenzetu wanavyochoma taka wakapata umeme. Akatukusanya wafanyabiashara, akatueleza kwamba kule taka zinageuzwa mali hata wanaagiza nyingine kwa majirani, na kwamba sisi tumebaki nyuma kwa uvivu na tabia chafu.

Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, sitajifanya mwema.

Aliyeinua mkono ni Mama Tecla, anayefagia soko hilo tangu mimi sijaanza kuuza maharage. Laurian angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, lakini shikamoo hakumpa. Mama akauliza kama huko maganda ya ndizi huchomwa pamoja na karatasi. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Tanuri lilifika katikati ya masika, pamoja na jenereta na kibao chenye jina la Laurian. Siku ya uzinduzi diwani alikaa mbele. Likajazwa taka za siku tatu: maganda, majani ya kabichi, mabua mabichi, mchanga. Moto ukawashwa, ukazimika. Wakamimina dizeli. Dizeli ikaungua, taka zikabaki, na moshi ukamfukuza diwani bila kuaga. Hadi jioni madumu mawili yalikuwa yamekwisha na hakuna taa iliyowaka.

Laurian akasema taka zetu ni mbovu. Mtu mzima, amesoma, alizilaumu taka.

Mama Tecla akaweka ufagio chini. "Mwanangu, taka hizi ni maji," alisema. "Chupa tunawekea mafuta, karatasi tunafungia maandazi, maboksi tunawashia jiko. Kinachobaki ndicho hicho. Padre wetu aliyesoma kule ameniambia wanatenga taka nyumbani, na asiyetenga sheria inamshika. Wewe umeleta tanuri lao, sheria yao umeiacha uwanja wa ndege."

Laurian akamwambia asimfundishe kazi, akaingia garini.

Baada ya miezi miwili alihamishiwa Biharamulo, tena kwa cheo. Katika ripoti yake, iliyosomwa kwenye kikao nikiwepo, mradi ulifanikiwa kwa asilimia themanini. Hakuna aliyeuliza asilimia ya nini.

Mama Tecla hakusubiri ripoti. Alimwendea Gaudence, mfugaji wa Keza anayejua kujenga mitambo ya gesi ya samadi, wakachimba shimo nyuma ya soko. Kinyesi cha ng'ombe na maganda yaliyokatwakatwa huingia humo kila asubuhi. Umeme hautoki, na wakati wa baridi gesi hupungua. Lakini Irine, mama lishe, anachemshia uji hapo, na mwezi uliopita aliacha kununua mkaa wa asubuhi.