Betri ya Laptopu Juu ya Ungo

Jamani, huyu Twalibu! Kaazima laptopu ya ofisini kwake Kibiti, kaapa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka kwamba anaipeleka deltani kwa mama yake, akamwonyeshe sidii iliyotoka Maskati. Ndani ya sidii yumo dada yake, Maimuna, na mtoto wake wa kwanza. Mama mtu, Bi Mwanabaraka, hajamwona binti yake miaka mingi. Mjukuu ndiyo kabisa.

Kijijini umeme hakuna, kwa hiyo betri ndiyo kila kitu. Wenzake wa ofisini walimfundisha: punguza mwanga wa kioo, zima kama huitumii. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Kupanda boti tu pale Nyamisati, vijana wakamwomba filamu ya Kinaijeria. Bwana mkubwa akawasha, mwanga juu, sauti juu, mpaka mchawi wa filamu akafa. Sidii ya dada yake hata hakuigusa.

Nyumbani akamwambia mama, "Betri imechoka kidogo, tutaangalia baada ya adhuhuri." Akaichomoa, akaifuta, akaiacha mezani, akaenda kusalimia watu.

Bi Mwanabaraka akasikia imechoka. Betri za redio yake zikichoka huzianika juani, na taarifa ya habari anaisikia tena. Basi akaichukua ile ya laptopu kwa upole, akaianika juu ya ungo, jua la saa sita.

Twalibu aliporudi akaipachika, akabonyeza. Kimya. Alijua fika kwamba betri iliishia kwenye boti. Lakini mama alikuwa ameshajishika kichwa.

"Masikini mimi, nimekuharibia! Nilidhani naitia nguvu. Watakufukuza kazi, mwanangu?"

Na mwanamume mzima, ndevu zimejaa, akainamisha uso akasema, "Basi mama, bahati mbaya." Hivyo tu! Macho hakuweza kuyainua, na ukweli bado hakuusema.

Mama akafuta machozi kwa pindo la kanga. "Haya. Nimejinyima kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini wewe si umewaona? Nieleze basi. Yukoje Maimuna?"

Twalibu, ambaye sidii yenyewe hajaiangalia hata siku moja, akajikuna ndevu. "Amenenepa," akasema.

"Alhamdulillahi! Na mtoto kafanana na nani?"

"Na wewe, mama. Sura yako kabisa."

Bi Mwanabaraka akatoka uani mbio, anacheka na kulia, akiwaita majirani waje Twalibu awaeleze tena, tangu mwanzo.