Siku Bwana Kasi Alipoganda

Kazini walimwita Bwana Kasi, na jina hilo alilipenda. Ndiye aliyebuni "Kasi Tele", kifurushi cha intaneti cha bei poa kilichotangazwa kwenye kila ukuta wenye nafasi mjini. Kwenye tangazo msichana alicheka, simu mkononi, na chini yake maneno makubwa: BILA KIKOMO. Chini zaidi, kwa herufi ambazo mpita njia angezidhania ni uchafu wa ukuta, paliandikwa kwamba kasi inaweza kupungua. Sentensi hiyo nayo aliitunga yeye. Neno alilojivunia zaidi ni "inaweza".

Ilikuwa inapungua, tena sana. Mteja akishatumia kiasi fulani, kampuni ilimbania bomba, yakabaki matone. Na watu wakiwa wengi kwenye mnara mmoja, wenye vifurushi vya bei ghali walipitishwa mbele, wa Kasi Tele wakasubiri. Bwana Kasi mwenyewe hakujua kusubiri huko kukoje. Laini yake ilikuwa ya wakubwa wa kampuni, ile inayotangulia zote, na video kwake zilifunguka kabla hajaondoa kidole kwenye skrini.

Aliyejua ni mama mkwe wake. Alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, jirani na stendi ya mabasi. Kila walipoonana, alikuwa na lake la kusema.

"Baba, hii intaneti yenu inaniaibisha. Naongea na dada yangu kwa video, mara anaganda mdomo wazi. Juzi nimemsimulia msiba mzima, nikalia na kulia, kumbe amekatika tangu salamu."

"Mama, nadhani simu yako imechoka."

"Simu ni mpya. Umeninunulia wewe."

Mke wake aligeukia dirishani kuficha kicheko. Bwana Kasi akajaribu njia nyingine. "Ni kama foleni, mama. Watu wakizidi, aliyelipa zaidi anatangulia. Na wewe unafika, ila polepole."

"Hilo mbona naelewa? Hata mimi mteja wangu mkubwa akija nampitisha. Ila wale walioko kwenye benchi siwaambii kwamba hakuna foleni."

Bwana Kasi alicheka, akaomba maji ya kunywa.

Malalamiko ya namna hiyo yalikuwa mengi, hata yakaifikia mamlaka inayosimamia kampuni za simu. Ikaitishwa mikutano. Wa mwisho ulipangwa ufanyike kwa video, jioni, kwa kuwa mkuu wa mamlaka alikuwa safarini, na Bwana Kasi ndiye angeitetea Kasi Tele. Siku hiyo alikuwa amempeleka mke wake kwa mama yake. Mke akatoka na simu yake kwenda kununua vitu vya nyumbani. Bwana Kasi akabaki saluni na mama mkwe, akiifanyia mazoezi hotuba yake mbele ya kioo kikubwa, na simu yake ameiweka ukingoni mwa sinki la kuoshea nywele. Kwenye sentensi moja aliyoipenda sana alinyoosha mkono kwa madaha, akaipiga simu, ikatumbukia kwenye maji yenye povu.

Waliipangusa, wakaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Haikuwaka.

"Mama, naomba simu yako. Mkutano unaanza sasa hivi."

"Chukua, baba. Ila bando la mwezi huu nimeshalimaliza. Nilikuwa naangalia mitindo."

"Haliishi, mama. Halina kikomo."

"Haya," alisema mama mkwe, akamkabidhi simu.

Bwana Kasi aliketi kwenye kiti cha wateja, simu ameiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele. Nje, watu walikuwa wametoka makazini na kujaa stendi, kila mmoja ameinamia simu yake. Bwana Kasi aliona sura za wakurugenzi zikitokea moja moja, zimejaa ukungu. Mara zikapotea, pakabaki kiduara kinazunguka. Akajiambia kwamba wao wanamwona vizuri, akaanza kusema.

Alisema kwa ufasaha. Alikanusha shutuma zote, moja baada ya nyingine. "Si kweli kwamba tunawabana wateja wadogo. Si kweli kwamba tunajua wanateseka na tunanyamaza. Wanaosema kwamba tumewauzia maneno matupu wanakosea." Alipomaliza, simu ilitoa sauti ya Mkurugenzi Mkuu, mama mmoja mkali asiyejua kusifu mtu, ikisema "...ujasiri mkubwa..." kisha ikakata kabisa.

"Vipi?" aliuliza mama mkwe.

"Wamenielewa," alisema Bwana Kasi, akijifuta jasho.

Jumatatu, askari wa getini alimpa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili na kukataa kuuachia. Kwenye lifti watu wa huduma kwa wateja walimtazama kama mtu aliyenusurika ajali. Mkurugenzi Mkuu akamwita, akafunga mlango, na bila salamu akamwekea video ya mkutano.

Bwana Kasi alijiona ameganda, macho yamefumbwa nusu, kichwa kimeinama, kama mtu anayetubu. Sauti yake ilikuja vipande vipande. "...tunawabana wateja wadogo..." Kimya kirefu. "...tunajua wanateseka na tunanyamaza..." Kimya tena. "...tumewauzia maneno matupu..." Kisha mkuu wa mamlaka akasikika akisema, kwa sauti iliyoguswa, kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuona kampuni ikijisema wazi kiasi hicho, na kwamba hataitoza faini, mradi tu yale maandishi madogo yakuzwe.

"Nijibu kitu kimoja," alisema Mkurugenzi. "Ulikusudia?"

Bwana Kasi alipiga hesabu haraka. Akisema hakukusudia, itabidi aseme maneno yake yameliwa na mtandao. Mtandao wa nani? Wa kampuni. Kifurushi gani? Kasi Tele. Angekuwa amethibitisha kila shutuma aliyokuwa akiikanusha.

"Nilisema kutoka moyoni," alijibu.

Kumfukuza ikawa haiwezekani, maana gazeti lilikuwa limeshatoa picha yake. Wakampandisha cheo: Mkuu wa Kitengo cha Ukweli kwa Wateja, kitengo cha mtu mmoja, ofisi pembeni ya jenereta. Na ili aishi kama wateja anaowapigania, laini yake ikahamishiwa Kasi Tele. Mama mkwe alibandika lile gazeti saluni na kumwonyesha kila aliyeingia. "Mkwe wangu huyu. Nilimwambia mimi, na akanisikia." Bwana Kasi alitaka kumweleza ilivyokuwa, lakini alimkuta amefurahi mno, akashindwa.

Wiki za kwanza zilimtesa. Ramani ilifunguka akiwa ameshapotea. Picha ambazo mke wake alimtumia za viatu dukani, achague, zilifika mke akiwa ameshavivaa. Taratibu akaanza kukasirika, na hasira hiyo ilikuwa ya kweli, si ya kuandikiwa.

Ikaja siku ya kikao kikubwa cha wakurugenzi. Safari hii alikuwa ukumbini, mbele yao, na kipaza sauti kizima. Mkurugenzi Mkuu alitangaza kwa furaha kwamba tangu kitengo cha ukweli kianze, malalamiko yamepungua karibu yote. Watu wakapiga makofi. Bwana Kasi akasimama.

"Hayajapungua," alisema. "Ukurasa wa kulalamika ni mzito. Mteja wa Kasi Tele akibanwa, ndiyo kwanza anataka kulalamika, na ndipo ukurasa unapokataa kumfungukia. Nimejaribu mwenyewe. Watu wanateseka, na safari hii nasema kwa makusudi."

Alisikika hadi viti vya nyuma, kila neno. Mkurugenzi Mkuu aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akamshukuru kwa mchango wake, kisha akawaomba wageukie ajenda ya sherehe ya mwisho wa mwaka.

Kikao kilipokwisha, katibu alimfuata mlangoni na kumuuliza kama lile la ukurasa aliingize kwenye kumbukumbu.

"Liingize," alisema Bwana Kasi. "Tafadhali."

Katibu akaandika: Mkuu wa Kitengo cha Ukweli alichangia kuhusu kupungua kwa malalamiko.