Vyumba vya Segera

Nilikuwa na pesa za watu ishirini na sita, na zote nilizichukua kinyume cha sheria. Sikuiba. Nilikodi gari la matangazo, lile lile linalotangaza misiba na minada, likapita Korogwe mjini, Kwamndolwa mpaka Segera likipiga kelele: nunua hisa za vyumba vya kupanga, laki mbili tu, faida kila mwezi. Watu wakaja. Nikajiona nina akili.

Nilikitaka kiwanja cha mzee Isihaka, karibu na njia panda ya Segera, ambako madereva wa malori hutafuta pa kulala. Mzee alitaka milioni tisa, na alinieleza wazi kwamba mwezi ukiisha atamuuzia mtu wa Tanga. Mimi nilikuwa na tatu, za biashara ya ng'ombe. Nikaenda Korogwe kwa wakili, dada mmoja anaitwa Hilaria, anisajilie kampuni. Aliponiuliza wanahisa nimewapataje, nikamwambia habari za gari. Akaweka kalamu chini.

"Kaka Ernesti, kampuni binafsi haiuzi hisa kwa spika. Kutangazia umma kuna kibali chake, na wewe huna. Warudishie wote. Kisha tafuta wachache mnaofahamiana, wasomewe mkataba, waelewe kwamba wanaweza kupata hasara, ndipo watie sahihi."

Niliuliza kama siwezi kuandika kwamba wote ni ndugu zangu. Akasema ukoo wa spika yeye haujui.

Nikawarudishia. Mama Mwaija, anayeuza wali pale Segera, alihesabu noti zake mara mbili, akanitazama.

"Yaani hata kutapeli kumekushinda?"

Wateja wake wakacheka. Sehemu ya pesa nilikuwa nimeshalipia tofali, kwa hiyo niliuza pikipiki ili zitimie.

Nikadandia lori la ng'ombe kwenda mnadani Handeni, na huko nikamkuta Salaash, mfugaji. Mwaka ule wa ukame, zizi lake lilipobaki tupu, nilimpa mtamba mmoja. Kwa Wamaasai, mliopeana ng'ombe hamwitani tena kwa majina, mnaitana pakiteng. Nilimweleza aibu yangu yote kwa sababu aliniuliza pikipiki iko wapi. Akauliza kiwanja kimepungukiwa kiasi gani. Nikasema milioni sita. Akasema nimpeleke kwa huyo wakili.

Hilaria alimsomea mkataba polepole. Alipofika mahali pa hasara akainua macho.

"Mzee, vyumba vikikosa wapangaji, pesa yako inaweza kupotea yote."

"Ng'ombe nao hufa," Salaash akasema. "Soma."

Mwishoni Hilaria akatuuliza tunafahamianaje, maana anataka iandikwe. Nikaanza kueleza biashara na minada. Salaash akanikatiza.

"Huyu ni pakiteng wangu. Alinipa ng'ombe nilipokuwa sina hata mmoja. Andika hivyo."

Hilaria akauliza neno hilo linaandikwaje, akaliandika.

Kiwanja tulikilipia kabla mwezi haujaisha. Zile tofali zimetosha vyumba viwili. Kimoja analala fundi wa magari, cha mbele kapanga mama Mwaija na masufuria yake. Aliwahi kuniuliza hisa zitauzwa lini tena. Nikamwambia alipe kodi kwanza. Kodi ya miezi sita imeshaingia, na msingi wa chumba cha tatu tumeuchimba.

Kwa hiyo gharama ni hizi. Gari la matangazo, elfu themanini. Wakili na usajili, laki saba. Pikipiki, milioni moja na laki mbili. Theluthi mbili za kampuni niliyodhani itakuwa yangu ni za Salaash. Na yeye aliuza ng'ombe tisa. Wa tisa alikuwa yule mtamba wangu, ameshazeeka, akaenda kwa laki tatu na nusu.