Taya la Memsaab

Uji ulipenya kwenye ufa wa meno ya Nakhungu, nusu yake ikarudi na kumtiririkia shingoni. Tangu nyapara Kiplangat alipomzaba kofi kwa kosa la kutafuna hindi bichi la Bwana, kinywa chake hakikufunguka kupita upana wa kidole.

"Mayi, nikande. Mara moja tu."

Bilha, mamake, alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya nyumba kubwa. Zamani watu walimjia kutoka Kibomet mataya yamekaza, wakarudi wakipiga miluzi.

"Si unajua Bwana alivyosema? Nikishika kinywa kingine zaidi ya cha Memsaab, kibanda kinachomwa. Tutarudi Bungoma na nguo za mwilini."

"Nani ataona?"

"Memsaab akiota hata kijipu, atasema nimempelekea uchafu wenu."

"Wenu, mayi? Ama wetu?"

Bilha alijifuta mikono. "Beba maji. Anangoja."

Barazani Memsaab alilala kitini, macho kayafumba, Nakhungu kasimama kando na maji. Bilha alipaka vidole samli, akaingiza kidole gumba ndani ya shavu, akaibana polepole nyama iliyokakamaa, vidole vingine vikizunguka chini ya sikio.

"Legeza, mama. Legeza."

Sauti ile! Ndiyo iliyombembeleza Nakhungu alipougua surua. Wivu ulimpanda kama kiungulia. Alimwonea Memsaab wivu wa samli, wa kiti, na zaidi ya vyote, wa kidole gumba kile. Kinywa chake naye kikaanza kufuata kile cha Memsaab, kikifunguka chenyewe. Kikakwama. Maumivu yakamchoma hadi sikioni, maji yakamwagika.

Memsaab alifumbua macho. "Bilha! Hii toto yako iko gonjwa ya mdomo? Wewe nashika yeye?"

"Hapana, Memsaab." Bilha hakugeuka. "Amezaliwa hivyo. Bubu."

Nakhungu aliutazama mgongo wa mamake. Alitaka kusema: mimi si bubu, na huyu ni mama yangu. Maneno hayo yangewasha moto kwenye paa lao.

"Bubu? Mzuri sana!" Memsaab alicheka, kinywa wazi mpaka magego. "Mimi nachoka kelele ya jikoni. Yeye nafanya kazi hapa, sasa hivi."

Aproni ikaletwa. Bilha akamvisha bintiye, akaifunga kamba nyuma ya shingo taratibu, akichunga vidole vyake visije vikamgusa shavu.