Kura ya Shemeji

Wacuka alikuwa ametoka zamu ya hospitali, hajavua hata viatu, Jedidah alipompigia simu kumwambia kwamba kamati imemteua. Kamati gani tena? Ile ile. Wakenya wa Houston wakikutana watatu, mmoja ni mwenyekiti, wa pili ni mweka hazina, na wa tatu amekwisha kununa. Safari hii hawakuwa na matanga wala harusi. Walikuwa wamegundua kwamba uchaguzi wa rais haujaisha.

Watu walikuwa wamepiga kura Novemba, na aliyeshinda alikuwa ameahidi kwamba wasio na karatasi watarudishwa makwao. Lakini mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp akaeleza kwamba Marekani mwananchi hamchagui rais moja kwa moja. Huchagua wajumbe, na wajumbe hao hukutana Desemba, kila jimbo kivyake, ndio wanaoandika jina la rais kwenye karatasi. Kumbe ni watu, wana nyumba zao na ndugu zao. Na mmoja wa wajumbe wa chama kilichoshinda Texas alikuwa Nderitu wa Plano, mdogo wake Wacuka, mhasibu wa kampuni kubwa, raia kamili, mtu wa kanisa ambaye chama kilimpenda kwa kutochoka kwake kubisha milango ya watu.

Jedidah, mwenyekiti, enzi zake Nakuru alikuwa akiwapanga wajumbe wa chama. Alijua mjumbe hulala upande huu akaamkia upande ule, na kwake huyu wa Plano alikuwa kazi ya chai moja. Kuna hata aliyependekeza Nderitu afichwe hotelini Galveston, anyang'anywe simu mpaka siku ya kura ipite, kama tunavyofanyiana nyumbani. Watu walicheka, ingawa si wote waliokuwa wakitania.

Wacuka hakucheka, maana hiyo ahadi ya mshindi ilikuwa na jina nyumbani kwake: Elkana, mumewe. Elkana alikuja kusoma, karo ikamshinda, viza ikafa. Karatasi za Wacuka mwenyewe hazikutosha kumfunika. Sasa alikuwa akitengeneza viyoyozi vya majirani hapo mtaani kwao Sharpstown, hakanyagi barabara kuu, na akiona gari la polisi huinamia viatu vyake kana kwamba kamba zimefunguka. Na ni Elkana huyo huyo aliyempokea Nderitu uwanja wa ndege alipopata bahati nasibu ya green card. Alimwachia kitanda, akalala sakafuni yeye na mkewe, akamfundisha kuendesha gari siku hizo leseni yake ingali hai. Hakuwa na mtoto wa kiume, basi akamfanya huyo kuwa wake. Nderitu akikohoa Plano, Elkana hunywa dawa Houston.

Asubuhi ya safari ya Plano, ya kwenda kumsihi Nderitu aandike jina lingine, ni Elkana aliyewajazia Wacuka na Jedidah chupa ya chai. Alimwambia mkewe asiende kumkaripia kijana, amsikilize kwanza, maana huyo hawezi kumtupa.

Jedidah ndiye aliyeendesha, akiongea njia nzima. Wacuka alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Hakuwa na imani na safari yenyewe. Alikwenda kwa sababu angebaki, angejilaumu mpaka kaburini.

Plano walipokelewa na Cherotich, mke wa Nderitu, na kwa heshima hakuna aliyegusa jambo mpaka chapati zikaisha. Jedidah akaomba sala ndefu yenye vidokezo, kisha akasimama na kusema yote: undugu, shukrani, mkono uliokulisha. Alisema vizuri, tusimnyime haki yake. Nderitu alimsikiliza akisugua macho. Alikuwa amekonda. Alisema barua za watu asiowajua zimejaa gereji, wengine wakimsihi, wengine wakimtukana, na simu amekwisha kuizima. Kisha akawaeleza sheria ya Texas ilivyo siku hizi. Mjumbe huapa. Akiandika jina lingine, kura yake haihesabiwi, nafasi yake inahesabiwa imeachwa wazi, na anaitwa mwingine papo hapo kuandika jina lililotakiwa.

Jedidah akauliza, je, akiugua siku hiyo? Ni vile vile, anaitwa mwingine. Jedidah akaweka kikombe chini akasema nchi hii haijui siasa.

Hapo Wacuka akaomba neno. Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu.

"Nderitu, sikuombi umwokoe Elkana. Nimeelewa huwezi. Nakuomba tu usiwe wewe unayeandika. Wacha huyo mwingine aandike."

Nderitu akatazama zulia. Akasema alikubali kazi mbele ya watu, na kiapo ni kiapo. Kikao kikaishia hapo, na Cherotich akaanza kuwafungia chapati zilizobaki.

Kwetu mgeni husindikizwa, na neno lenyewe mara nyingi hutoka wakati huo, mlangoni au njiani, wakati walioketi wamekwisha kuagana. Jedidah alikuwa ndani ya gari akitangazia kamati kwa simu kwamba sheria imewafunga. Nderitu akamshika dada yake kiwiko, akamsimamisha.

"Dada, usiende ukidhani nimefungwa," alisema. "Novemba nilikuwa peke yangu kituoni na nikampigia kura huyo huyo. Hata hiyo sheria isingekuwepo, ningeandika jina lile lile."

"Na Elkana?"

"Wanaongea juu ya wahalifu. Elkana si mhalifu."

Wacuka akamwuliza kama ana hakika. Nderitu akasema Elkana akishikwa, yeye mwenyewe atatafuta wakili, mzuri kabisa, na kila mwezi atakuwa Houston. Alimaanisha, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Wacuka alitamani angemkuta mbaya. Mbaya angemtukana akapumua. Huyu ikabidi Wacuka amkumbatie, akamwambia ale, amekonda, akaingia garini.

Walipofika Sharpstown, Elkana alikuwa amekwisha kusikia ya kamati, lakini alimngoja mkewe.

"Ni kweli sheria imemfunga?"

"Ni kweli. Akiandika jina lingine wanamtoa."

"Lakini mwenyewe angependa?"

Wacuka alikuwa amekaa kitini na koti mwilini. Alimtazama mumewe, huyu mtu ambaye nchi nzima ingeweza kumfukuza naye akavumilia, ila hili moja asingeweza.

"Angependa," akasema.

Uso wa Elkana ukalegea. "Si nilikwambia? Maskini. Sasa hivi anaumia peke yake huko, you know how he is."

Akachukua simu, akaandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Kabla ya kutuma alimsomea mkewe: kwamba Nderitu asijilaumu hata kidogo, kwamba wanajua moyo wake uko wapi, na siku hiyo akiandika watakuwa wakimwombea. Akauliza kama ni sawa.

Wacuka akamwambia ni sawa, atume.